Nepi ya Mtu Mzima Ni Vazi

Mhadhara kwa wauguzi, mafundi cherehani na wanaouguza nyumbani

Tangazo la leo lilipokuwa likiandaliwa, kuna aliyeshauri tuandike "vifaa vya usafi" badala ya "nepi", watu wasije wakaona haya kuingia. Nikaomba neno libaki. Mtu anayehitaji nepi haulizii vifaa vya usafi. Anataka kujua nepi ya kitambaa gani, ya ukubwa gani, inafungwaje, na akishaifua ataianika wapi na majirani wamejaa uani. Maswali hayo ndiyo mhadhara wenyewe.

Wavaaji ni akina nani? Kuna mwanamume aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume, akatolewa mpira wa mkojo, na kwa wiki kadhaa au miezi bado anavuja. Kuna mama aliyezaa mara nyingi, akicheka au akinyanyua ndoo chupi inalowa. Kuna mgonjwa wa kiharusi anayeusikia mkojo vizuri ila mguu haumfikishi chooni. Kuna kijana aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, kuna bibi aliyeanza kusahau choo kiko upande gani, na kuna binti aliyepata fistula baada ya uchungu wa siku nyingi. Hawavuji namna moja, na ndiyo maana nepi moja haiwezi kuwafaa wote.

Kabla ya nepi, daktari. Mkojo usiozuilika huweza kuletwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na kisukari kilichopanda, na choo kigumu kinachokandamiza kibofu, hata na dawa ya presha inayoongeza mkojo. Mengi ya hayo hutibika. Fistula hushonwa, hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam imekuwa ikiwafanyia wanawake upasuaji huo bila malipo, na hakuna sababu ya mtu kukaa na vitambaa miaka kumi kwa jambo ambalo lina tiba. Misuli ya nyonga nayo hufundishika: mazoezi ya kuibana na kuiachia yaliandikwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, na bado tunayaagiza leo. Wazee husema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nakubaliana nao mbele ya mlango wa daktari tu. Mbele ya mtaa, mvaa nepi ana haki ya kuficha kama sote tunavyoficha chupi zetu. Kazi yetu ni kumsaidia afiche vizuri.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nepi ya mtu mzima ni vazi. Hospitalini tumezoea kuiona kama bandeji, kitu ambacho muuguzi humfunga mgonjwa. Nyumbani tunaiona kama nepi ya mtoto iliyoongezwa ukubwa. Bandeji haina mwenyewe, na mtoto haulizwi. Vazi lina mwenyewe: hupimwa mwilini, mwenyewe huchagua rangi, na akisema linambana mapajani fundi hulifumua. Familia ikianza kumuuliza mgonjwa "unapenda lipi?" mambo mengi yaliyoshindikana huanza kuwezekana.

Chukueni suala la mkwe. Katika jamii zetu nyingi mkamwana hamvui baba mkwe nguo, wala kijana wa kiume hamwoni mama yake utupu. Mzee akiletwa mjini kukaa kwa mwanawe, na mwana anashinda kazini, anayebaki nyumbani ni mkamwana. Nimewaona wazee waliokaa na nepi iliyolowa tangu asubuhi mpaka mtoto arudi jioni, na hapakuwa na mzembe hata mmoja ndani ya nyumba; palikuwa na heshima ya pande mbili. Sisi wauguzi hukimbilia kuwahubiria waache mila. Mimi nasema tumwite fundi. Nepi iliyoshonwa ikafunguka kwa mbele, vifungo vikielekea upande wa mkono mzima, mtu aliyepooza upande mmoja huweza kuivua na kuivaa mwenyewe akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mkamwana anaweka beseni, maji ya vuguvugu na nepi kavu, anasema, "Baba, nguo zako hizi hapa, mimi nipo jikoni," anarudishia mlango. Basi. Mila imebaki na ngozi ya mzee imepona.

Sasa kitambaa, na hapa nitakaa kidogo.

Nepi huhitaji pamba, na sokoni kila mtu atakuapia kuwa chake ni pamba. Usibishane naye. Chomoa uzi mmoja pindoni, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanapukutika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Kitambaa cha mchanganyiko huungua na kuacha punjepunje ngumu ndani ya majivu. Khanga na vitenge vingi vya siku hizi ni vya mchanganyiko, na ndiyo maana khanga ya bibi ilifyonza na ya mjukuu inateleza.

Jaribio la pili ni la maji. Mezani hapa nina vipande vitatu na glasi. Hii ni marikani mpya, haijaguswa na maji tangu dukani. Nadondosha tone: mnaliona linakaa juu, duara, linametameta. Ni pamba tupu, lakini bado ina nta yake ya asili na wanga wa kiwandani, na vyote viwili vinayazuia maji kuzama. Hii ni khanga kuukuu ya pamba, imefuliwa miaka: tone limezama kabla sijarudisha mkono. Na hili ni shati la poliesta: tone limetambaa, likapita upande wa pili, meza imelowa. Kwa hiyo marikani mpya, au taulo jipya, lisivaliwe siku linaponunuliwa. Lifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara kadhaa, likauke kila mara, mpaka tone lizame lenyewe. Wengi hushona nepi nzuri, huivalisha siku hiyohiyo, inavuja, wanasema vitambaa havifai.

Kwa mfuko wa kawaida, duka langu ni mitumba. Shuka nzito za pamba, mataulo ya hoteli, shuka za flaneli za nchi za baridi: vimefuliwa huko mpaka vimelainika, na bei yake ni ya mtumba. Taulo lina vitanzi vinavyonasa maji haraka, kwa hiyo humfaa mtu ambaye mkojo humtoka wote kwa mkupuo. Flaneli na khanga hunyonya taratibu lakini hulala vizuri mwilini, havifanyi uvimbe chini ya nguo; humfaa anayevuja matone. Anayemiminika na bado anataka suruali ikae vizuri huweka taulo juu, upande wa ngozi, na khanga iliyokunjwa chini yake. Ukitaka ngozi isikae ndani ya unyevu, kata kipande cha flisi kutoka sweta la mtumba, kile kitambaa chepesi cha manyoya mafupi, ukilaze juu ya vyote. Flisi ni poliesta. Haishiki maji, huyapitisha tu, na hilo ndilo tunalolitaka pale.

Kiasi gani cha kitambaa? Hapa msikisie. Kibofu cha mtu mzima kikijaa huachia mililita 300 hadi 500 kwa mara moja, na kwa siku nzima mtu hutoa kama lita moja hadi mbili. Chukueni mzani wa jikoni. Pima nepi ikiwa kavu, andika. Ikivuliwa, pima tena. Gramu moja ya ziada ni mililita moja ya mkojo. Fanyeni hivyo siku mbili tatu, mchana na usiku, na mtajua kwamba baba saa nne asubuhi, baada ya chai, hutoa mkojo mwingi, na kwamba alasiri hahitaji zaidi ya kipande chembamba. Daftari hilo mpelekeeni na daktari. Litamsaidia kuliko maelezo ya "anajikojolea sana". Na tafadhali, msimpunguzie mgonjwa maji ya kunywa ili nepi ikae muda mrefu. Mkojo mzito huuchokoza ukuta wa kibofu, choo huwa kigumu, na uvujaji huongezeka.

Kwenye kukunja, fundi na muuguzi wanapaswa kukaa meza moja. Kitambaa kipana kisichoshonwa tabaka juu ya tabaka kina faida ambayo nepi nene ya kushonwa haiwezi kuipata: kikishafunguliwa ni tabaka moja, sabuni hupita, maji hupita, jua hupita. Nepi ya matabaka manane yaliyoshonewa pamoja inaweza kukauka juu na kubaki mbichi ndani, na katika masika hiyo ni mbegu ya harufu. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza waanze na vitambaa vipana.

Khanga ina kama sentimita 110 kwa 150. Ilaze kitandani, kunja upana wake mara tatu, unapata ukanda wa sentimita 37 hivi wenye urefu wa 150. Ukunje ukanda huo katikati. Sasa una kipande cha sentimita 75 kwa 37 chenye matabaka sita, na 75 inawatosha wengi kutoka kiunoni nyuma, kupita katikati ya miguu, hadi chini ya kitovu. Pale katikati kikunjekunje kwa vidole kiwe chembamba, kiingie kwenye mkunjo wa paja na si juu yake. Juu yake vaa boksa ya kubana, kisha kifuniko kisichopitisha maji. Mtu anayetembea na kufanya kazi anahitaji hicho tu.

Kwa anayelala kitandani, au mwenye mkojo mwingi, tumia mkunjo wa pembetatu. Kitambaa kiwe cha mraba, na upande wake uwe sawa na mzunguko wa nyonga za mvaaji: nyonga za sentimita 100, mraba wa 100. Ukikikunja kona kwa kona, ule upande mrefu wa pembetatu hufikia 141, unazunguka nyonga na kupandana mbele. Ncha ya chini hupita katikati ya miguu na kukutana na zile mbili. Pembetatu peke yake ina matabaka mawili tu, kwa hiyo ndani yake kilale kile kipande cha khanga. Mahali pa unene panategemea mwili: mwanamume anahitaji matabaka mengi mbele, na uume uelekezwe chini, la sivyo mkojo utatokea kiunoni hata nepi iwe nene namna gani; mwanamke anahitaji katikati; anayelala chali, awe nani, anahitaji katikati na nyuma. Ukitumia pini, chagua zile za nepi zenye kofia, uingize vidole vyako kati ya kitambaa na ngozi, uchome kwa ulalo na si wima, ili mtu akikaa isimchome tumbo. Mtu aliyepoteza hisia kuanzia kiunoni asifungwe kwa pini kabisa. Itamchoma na hatajua.

Mgonjwa asiyeweza kujiinua hageuzwi kwa kuvutwa. Mlaze ubavu, kunja nusu ya nepi kama mkeka uliokunjwa nusu, isogeze chini ya kiuno chake, mgeuze ubavu wa pili, uivute. Wauguzi mnaijua, ni njia ileile ya kubadilisha shuka.

Kifuniko ni cha plastiki laini au cha kitambaa kilichopakwa utando usiopitisha maji, kile cha makoti ya mvua. Cha pili kina bei zaidi lakini hakipigi kelele mtu akitembea, na kelele hiyo, niaminini, humsumbua mvaaji kuliko unene. Mafundi, nawaomba jambo moja: msipitishe mshono katikati, kati ya miguu. Kila tundu la sindano ni bomba. Mshono ukae ubavuni, na lastiki ya mapaja ishike bila kuacha alama nyekundu. Na kitambaa cha ndani kisichungulie nje ya kifuniko hata kidogo, kwa sababu ukingo huo ukilowa utavuta maji kutoka ndani mpaka kwenye suruali.

Akishavaa, aende wapi? Popote. Kwa mwanamke dera na khanga ya juu huficha kila kitu. Kwa mwanamume kanzu, au suruali ya rangi nzito yenye nafasi kwenye makalio, saizi moja juu ya ile aliyozoea. Begani mkoba wenye mfuko wa zipu wa plastiki kwa kilicholowa, na vipande viwili vikavu. Akipanda daladala apande na nepi iliyobadilishwa punde, kwa sababu kitambaa kina udhaifu ambao siwafichi: ukikikalia kikiwa kimejaa, hukamuka. Pampasi za dukani zina punje za kemikali zinazogeuza mkojo kuwa ute na kuushika. Pamba haina uwezo huo. Kitambaa hubadilishwa mapema, kila baada ya saa mbili hadi nne, hata kama kinaonekana bado kingeweza.

Wazee wa Kiislamu huniuliza kwanza kuhusu swala, kabla ya bei na kabla ya harufu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, walilieleza jambo hili karne nyingi zilizopita: mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, hufunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati kuingia, kisha huswali bila kuchelewesha, na kinachomtoka bila hiari baada ya hapo hakimvunjii swala; kwa kila faradhi hurudia. Mwenye hali tofauti amuulize sheikh wake. Mimi nalitazama kwa jicho la fundi: mtu huyu atabadilisha mara tano kwa siku, baadhi ya mara hizo ndani ya choo cha msikiti, chembamba, sakafu ina maji. Hawezi kuvua suruali nzima. Mshonee kifuniko kinachofunguka mbele, chenye kipande cha ndani kinachochomolewa peke yake. Nimewajua wazee walioacha msikiti kwa sababu ya mkojo, ilhali kilichokosekana kilikuwa mshono.

Twende kwenye kufua. Kinyesi kwanza kiende chooni, si kwenye beseni. Nepi yenye kinyesi au damu isuuzwe kwa maji baridi; maji ya moto yakitangulia, doa huiva ndani ya nyuzi na halitoki tena. Nepi ya mkojo nayo isuuzwe mapema, mara tu inapovuliwa ikiwezekana. Mkojo mbichi hauna harufu kali. Ile harufu inayojaza chumba ni amonia, inayotengenezwa na bakteria wanapoivunja urea baada ya saa kadhaa, na amonia hiyohiyo ndiyo inayouma ngozi. Ndoo iliyofunikwa yenye nepi za tangu jana ni kiwanda cha amonia.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Msimimine jiki kwenye ndoo hiyo. Amonia na jiki vikikutana hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi ni vyumba vidogo vyenye dirisha la kiganja. Jiki na siki vilevile. Hapo hutoka klorini. Ukitaka kutumia jiki, suuza kwanza mpaka harufu iishe, tumia kidogo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tena kwa nadra, kwa sababu huila pamba na kuua lastiki. Sabuni ya unga ya kutosha na maji ya moto hufanya kazi kubwa zaidi. Nepi za pamba tupu zinaweza hata kuchemshwa; kifuniko, kamwe.

Sabuni ya mche ina shida yake. Mahali penye maji magumu, ya visima vya chumvichumvi kama mengi ya Dodoma, sabuni hiyo hushikana na madini na kuacha utando mweupe ndani ya kitambaa. Nepi inakuwa ngumu, ya kijivu, na tone la maji linaanza kukaa juu kama kwenye marikani mpya. Maji ya mvua ni dawa. Mkiyakinga, muyaweke kwa kazi hii. Zile dawa za kulainisha nguo na kuzitia manukato msizitie kabisa, zinapaka nyuzi mafuta. Kwa nepi sita za siku, ndoo tatu za lita 20 zinatosha: moja ya kusuuza, moja ya sabuni, moja ya mwisho. Maji ya ndoo ya mwisho yawekwe, ndiyo yatakayosuuza za kesho.

Anikeni juani, kwenye kamba, si juu ya nyasi wala ukuta. Jua hufifisha madoa na kuua vijidudu bure. Lakini Afrika yetu ina inzi mmoja, wengine humwita inzi wa embe, anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi, na harufu ya mkojo au kinyesi humvutia zaidi. Mayai huanguliwa kwa siku chache, funza wadogo hungoja ndani ya kitambaa, na nguo ikivaliwa huingia ngozini na kufanya jipu lenye tundu linalopumua. Huyu si yule funza wa vidole vya miguu. Kwa mtu anayelala siku nzima juu ya kitambaa hicho, jipu moja makalioni ni mwanzo wa kidonda kikubwa. Kwa hiyo nepi ya kitambaa hupigwa pasi ya moto, pande zote mbili, mpaka kwenye pindo. Pasi ya mkaa inafaa sawasawa na ya umeme. Kifuniko, kisichovumilia pasi, kifutwe kwa kitambaa kikavu na kutundikwa ndani ya nyumba. Nyumba za kupanga zenye ua wa pamoja huwasumbua wengi. Waliotangulia hushona nepi zao kwa kitambaa cha rangi nzito au cha maua, na kwenye kamba hakuna anayejua kama ni nepi, taulo au kitambaa cha meza.

Ngozi nitaipitia haraka kwa sababu wauguzi mtaifundisha wenyewe: ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali kila nepi inapobadilishwa, ikaushwe kwa kugusagusa, mafuta ya mgando yapakwe membamba kama kivuli. Yakipakwa mengi yatahamia kwenye pamba na kuiziba. Wekundu usioisha ukibonyeza kwa kidole si wa nepi tu. Ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo, na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Je, pampasi? Sina ugomvi nazo. Nne kwa siku ni 120 kwa mwezi, na kila nyumba inajua hesabu yake. Seti ya vitambaa 24 hununuliwa au kushonwa mara moja, na 24 ndizo zinazotosha wakati wa mvua, nguo zinapokaa siku mbili bila kukauka. Pampasi zilizotumika hujaza choo cha shimo, na gari la kunyonya likija linaziba. Hata hivyo, kwa safari ya usiku kucha ndani ya basi, kwa kuhara, kwa mgonjwa mwenye kidonda kinachohitaji ukavu, nunueni pampasi na msione mmeshindwa. Anayewaambia kitambaa kinafaa kila wakati hajauguza mtu mwenye kuhara. Kuhusu mazingira, Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipima nepi za watoto mwaka 2008 na kukuta kwamba tofauti kubwa inaletwa na namna ya kufua: mashine ya kukaushia ndiyo inayokula faida ya kitambaa, kamba ya uani ndiyo inayoirudisha. Kamba tunazo.

Msianze na 24. Anzeni na sita, za aina mbili au tatu tofauti, mvaaji azivae wiki mbili na aseme mwenyewe ipi inamkwaruza, ipi inashuka, ipi hata hajali kuivaa kwenye arusi. Hapo ndipo fundi akate zilizobaki. Kitambaa kinachoanza kupitisha mwanga ukikiinua juani kimechoka kuwa nepi ya nje. Kitumike kama kipande cha ndani cha mchana, halafu deki.

Mafundi, vielelezo vya karatasi viko meza ya dirishani, vya nyonga za sentimita 90, 100 na 115. Jinakilieni, na njooni na futi zenu. Maswali ya hadhara nitayapokea hapahapa sasa. Mwenye swali la faragha, nitakuwa chumba cha nyuma hadi saa kumi na moja, na mlango unafungwa kwa ndani.